Alama Nyekundu kwenye Nyumba ya Mama Drocella

Straton alibeba mire miaka kumi na moja, na ole wako ukutane naye kabla hujaambiwa, maana angekusimulia mwenyewe. Mire ni ule ubao mrefu wa kupimia, wenye rangi nyekundu na nyeupe na namba zake, ambao Mzungu wa barabara alikuwa anautazama toka mbali kwa darubini. Mzungu alitazama na kuandika. Straton alisimamisha ubao, wima, bila kuyumba, juani na mvuani, kuanzia Sake hadi Walikale. Kazi yake nzima ilikuwa kusimama. Namba zenyewe hakuzijua hata moja, maana zilielekea kwa Mzungu, na yeye alikuwa nyuma ya ubao.

Dipanda, yaani uhuru, ilipofika, Mzungu alifunga safari asubuhi moja. Akapakia darubini, akapakia mbwa, akapakia sahani za mke wake. Mire haikuingia garini, wala ile miguu mitatu ya kusimamishia darubini. Vikabaki kwa Straton, na tangu siku hiyo akaanza kutembea amenyoosha mgongo na kuitikia jina la Papa Géomètre, yaani Baba Mpimaji, jina ambalo, tusidanganyane, alijipa mwenyewe. Mke wake Emérita alizitumia mali hizo vizuri zaidi. Kwenye mire alianika nguo, na juu ya miguu mitatu aliweka beseni la kuoshea vyombo.

Waliishi kwenye senta yetu, pale barabara inapotoka Masisi kuteremkia Kashebere, kando ya kijito cha Kamubi. Kamubi ya mwezi wa saba hata mbuzi mwenye mimba anairuka. Kamubi ya masika ni mambo mengine. Wabelgiji walichimba mtaro wa kushusha maji ya barabara, ukapita nyuma ya maduka mpaka kijitoni, na kila wiki mtu alitumwa kuzoa taka zake. Wabelgiji walipoondoka, kuzoa nako kukaondoka. Katembo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na lori moja na rozari mfukoni, akaona mtaro ule ni nafasi inayopotea bure. Akalaza mbao juu yake, akajenga depo ya chumvi na mawese. Wengine wakamfuata, huyu na jiko, yule na choo. Maganda ya ndizi ya senta nzima yakahamia mtaroni.

Kuelekea mwisho wa 1961 mvua ikanyesha mpaka watu wakachoka kuilaani. Ndipo Administrateur mpya, mkuu wa serikali wa eneo letu, kijana mwenye viatu vya kung'aa na gari la jipu la kuazima, alipokuja kutusomea amri. Nyumba zote za kando ya maji zipimwe. Kila ukuta upakwe alama nyekundu pale maji yatakapofika siku ya mafuriko. Nyumba ambayo alama yake inapita dirisha, mwenyewe atoke kabla ya wiki mbili, akajenge mlimani. Ambayo alama yake haifiki dirisha, abaki kwa amani.

"Nani hapa anajua kupima?" akauliza.

Watu wote wakamgeukia Straton. Straton akatazama mbele kama anayepigwa picha. Kabla hajafungua kinywa alikuwa ameshapewa kopo la rangi, burashi, na karatasi yenye muhuri.

Nyumbani Emérita hakupiga vigelegele.

"Utapima na nini, Papa? Darubini ilienda na Muzungu."

"Macho iko."

"Basi usikie kidogo. Mbele ya kupima, shuka ku maji, uulize sisi wenye kuloweka mihogo."

Alijua anachosema. Wanawake wa senta waliloweka mihogo kwenye madimbwi ya kando ya Kamubi, wakaikandamiza kwa mawe, siku tatu nne hadi ilainike na uchungu utoke. Mvua kubwa ikija ghafla, kijito kinabeba mihogo yote, na mama aliyepoteza chakula cha wiki nzima hasahau maji yalipanda mpaka wapi. Walijua mwaka kwa mwaka, jiwe kwa jiwe. Hata yule Mzungu, kila alipofika kwenye kijito, kabla ya kufungua darubini aliteremka kwanza kwa wanawake hao, akawauliza, akaandika weee mpaka kalamu ikamchoka. Straton alimsubiri juu na ubao wake. Miaka kumi na moja aliamini kwamba bwana wake alikuwa mpenda wanawake.

"Miye, muntu ya serikali, niende kuuliza mambo ya hydraulique ku mihogo?" akasema. "Aka! Toa beseni yako ku vyombo ya kazi."

Emérita akatoa beseni. Straton akatafuta kopo la maziwa lililokwisha, akatoboa mfuniko na kitako, akalifunga kwa kamba ya mgomba juu ya miguu mitatu. Hiyo ndiyo ilikuwa darubini. Alifumba jicho moja, akachungulia kwa lile jingine, akaona duara la dunia lililokuwa mbele yake hata bila kopo. Akaridhika kabisa.

Alianza kwa Katembo, maana kwa Katembo kulikuwa na viti. Kupima hakukuanza mara moja. Kwanza alikaa. Akasema kazi hii ina kiu. Katembo, ambaye hakufika alipofika kwa kuchelewa kuelewa, akaleta damejani ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kasiksi ya Katembo ilikuwa imeiva vizuri. Ilipofika nusu, mwenye nyumba akapewa mire aishike ukutani, na Straton akainama kwenye kopo lake. Mzungu alikuwa na maneno mawili tu ya kumwamrisha, na Straton aliyahifadhi kwa uaminifu. *Monte* ni kupanda, *descends* ni kushuka.

"Descends!" akapaza sauti. Katembo akashusha kidole kwenye ukuta. "Descends! Descends tena! Basi!"

Kidole kilikuwa kwenye kifundo cha mguu. Rangi ikapakwa hapo.

"Maji itaishia hapa?" Katembo akauliza.

"Hapa hapa. Haitapita."

"Miye nilijua," akasema Katembo, na Straton alipoondoka alikuwa na blanketi jipya begani.

Habari hiyo ilifika kila nyumba kabla yake. Tumtendee haki, hakuomba kitu. Hata siku moja! Alikaa tu na kutaja kiu. Lakini watu wakagundua wenyewe kwamba chupa moja hushusha alama mpaka gotini, damejani huipeleka kwenye kifundo, na kuku mwenye mayai huiweka chini ya kizingiti, ambako panya tu ndiye angelowa. Kufikia siku ya tatu senta ilikuwa na furaha. Watu waliketi vibarazani, wakaonyeshana alama zao za chini, wakajisikia salama kuliko walivyowahi kuwa. Cha ajabu ni kwamba hao waliomnywesha kasiksi kwa mikono yao ndio walioziamini kuliko wote. Mmoja alishusha kitanda chake toka kwenye matofali, eti hakuna haja tena.

Siku ya nne akafika kwa Mama Drocella.

Huyu alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya mawe, pekee ya namna hiyo kandokando ya Kamubi. Marehemu mume wake, fundi wa misheni, aliijenga jiwe moja moja kila jioni miaka sita. Hakukuwa na kitu kingine duniani Drocella alichokipenda hivyo. Straton akasimamisha miguu yake mitatu mbele ya mlango, akajifuta jasho ambalo halikuwepo.

"Kazi hii, Mama, iko na kiu sana."

"Maji iko mu mutungi," Drocella akajibu.

"Nasema kiu ya kazi."

"Kasiksi yangu iko ya wale wenye kunilimia maharagi. Weye utalima ngapi?"

Majirani walikuwa wamejaa kutazama. Drocella akasogea, akaliinamia kopo, akalichungulia upande mmoja, akazunguka akalichungulia upande wa pili.

"Papa Straton, ile kopo iko na tundu huku, iko na tundu kule. Unaona nini mu katikati? Maziwa ilishaisha."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Straton akasikia masikio yakimchoma. Miaka kumi na moja hakuna aliyemcheka, kwa sababu hakuna aliyemtazama. 

"Shika mire!" akafoka. Mama Drocella akaishika. "Monte!" Akapandisha mkono. "Monte! Monte!" Mkono ukapita dirisha, mjane akasimama kwa ncha za vidole. "Monte!"

"Vidole imeisha, Papa."

Akaenda mwenyewe, akapaka alama nyekundu karibu na paa, nene, ndefu, mara mbili ya zile za wengine. Kisha akasoma amri kwa sauti, wiki mbili, atoke. Hapo hakuna aliyecheka tena. Drocella alitazama ile alama, akatazama mawe ya mume wake, na machozi yakamtoka mbele ya watu bila kuyafuta.

"Umesema nitoke," akasema. "Nitatoka. Hii nyumba iko inaniuma mu roho, lakini miye sijui kuogelea."

Akina mama wa kanisa wakambebea mitungi, maharagi na vitanda, wakampandisha mlimani. Wakamjengea kibanda cha matete na majani ya migomba.

Straton akarudi kwake amenuna. Ilibaki nyumba moja tu, yake. Kwa heshima ya cheo aliipa alama ya chini kuliko zote, vidole viwili kutoka ardhini. Emérita alisimama nyuma yake na beseni.

"Miye niko na ulizo moja," akasema.

"Uliza."

"Nyumba ya Drocella iko juu ya mto, yetu iko chini yake. Hatua makumi mbili. Maji ikifika ku paa kwa Drocella, itapita hapa kwetu namna gani, itatembea na magoti?"

"Weye ulisoma wapi?"

"Siyasoma. Naloweka mihogo. Maji haijui nani alitoa kasiksi na nani alikatala."

"Emérita, ile alama iko ya serikali!"

"Mwaka ile sanamu ya Bikira wa misheni ilibebwa na mutaro, maji ilifika ku kamba yangu ya nguo. Niliona na macho. Twende ku mulima, Papa. Nakuomba."

Alisema ombi hilo kwa upole, na ndiyo maana lilimuudhi zaidi. Angehamaje, yeye, mwenye alama ya vidole viwili? Senta yote ingesema Papa Géomètre amekimbia kipimo chake. Akamkataza mkewe kutoa hata mkeka mlangoni. Emérita akanyamaza, na mume akadhani kunyamaza ni kukubali. Wanaume wa senta yetu wana ugonjwa huo.

Wiki tatu baadaye, siku ya soko, mvua ikanyesha milimani tangu alfajiri. Kwetu kulikuwa na manyunyu tu. Straton alikuwa ameketi dukani kwa Katembo, kikombe cha tatu mkononi, akieleza jinsi maji yanavyofuata hesabu, waliposikia mngurumo. Kamubi ilishuka na migomba mizima, mawe, na jiko la mtu likiwa bado na sufuria. Ikajaribu kuingia mtaroni kama zamani. Mtaro ulikuwa na depo juu na maganda ndani. Basi maji yakageuka, yakaingia senta kwa mlango wa mbele.

Maji yalipita kifundo cha mguu wakati Katembo anasema "itaishia hapa." Yakapita goti akitafuta rozari. Magunia ya chumvi yaliyeyuka mbele ya macho yake, na mawese yakaelea mekundu kuliko rangi ya serikali. Watu wakakimbilia mlimani wakipiga mayowe, wakiacha mbuzi, wakiacha vitanda. Straton hakukimbilia mlimani. Alikumbuka jambo moja tu, kwamba alimkataza Emérita kutoka, na Emérita alinyamaza.

Akateremka ndani ya maji, tumboni, kifuani, akiita. Alipofika kwake hakukuwa na kwake. Nyumba ya udongo ilikuwa imelainika kama muhogo uliolowekwa, ikaondoka na kuta, na paa, na alama ya vidole viwili. Mire peke yake ilinasa kwenye mti wa mpera. Akaikumbatia hiyo mire na kulia kwa sauti, mtu mzima, akitaja jina la mkewe na kujitukana kwa Kihunde na kwa Kifaransa.

"Straton! We Straton!" Sauti ilitoka juu. "Acha kulia mu maji, panda!"

Emérita alisimama mlangoni pa kibanda cha Drocella, mwiko wa ugali mkononi. Nyuma yake kulikuwa na maharagi yao, mikeka yao, hata blanketi la Katembo. Kila siku kwa wiki tatu alikuwa ameteremka na beseni la mihogo na kupanda nalo, na chini ya mihogo kulikuwa na kitu cha nyumbani. Mume alikuwa akikalia nyumba tupu bila kujua, maana hakuwahi kuinua kifuniko cha chungu maishani. Alipanda kwa mikono na magoti, maji yakizidi kupanda nyuma yake, akaketi matopeni mbele ya mkewe. Emérita naye alikuwa analia, ila kwa hasira.

Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe, kwa kuwa ilikuwa mchana. Mbuzi walikufa, na nyumba kumi na saba zilikwenda.

Administrateur akaja baada ya siku nne, viatu vyake vikiwa ndani ya mfuko wa turubai, kukagua kazi ya mpimaji. Akataka aonyeshwe alama. Alama zipi? Nyumba zote za alama ya chini zilikuwa za udongo, zimeondoka na alama zao kuelekea Walikale. Depo ya Katembo ilibaki nguzo mbili. Nyumba moja tu ilikuwa imesimama, ile ya mawe, na ukutani karibu na paa ile alama nene nyekundu, na chini yake mstari wa tope mahali maji yalipofika. Administrateur akatoa mita yake mfukoni.

"Vidole vitatu!" akapiga kelele. "Amekosea vidole vitatu tu! Hata Wazungu hawakuweza!"

Akamkamata Straton mkono, akautikisa. Akawauliza watu kama mpimaji aliwaonya. Watu wakatazama chini. Waseme nini? Mmoja aseme alitoa kuku? Katembo aseme habari ya damejani na blanketi? Katembo alikohoa, akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata haraka haraka.

"Mama," Administrateur akamwambia Drocella, "ni huyu aliyepima kwako?"

"Njo yeye," akasema Drocella. Akamtazama Straton kwa muda mrefu, mpaka jasho la kweli likamtoka. "Kwa wengine sijui. Lakini kwangu alipima na roho yake yote."

Emérita alikuwa pembeni, mikono kiunoni. Straton aliona macho yake.

"Bwana Administrateur," akasema kwa sauti ndogo, "ile alama nilichora na hasira. Mama alininyima kasiksi. Zingine zote nilichora chini kwa sababu walinipa. Miye sijui kupima. Nilikuwa nashika tu ubao."

 Kisha Administrateur akacheka, akampigapiga mgongoni.

"Mumeona? Wenye akili ya kweli wako vile, hawapendi sifa!"

"Njo vile, Bwana, njo vile!" akasema Katembo, na makofi yakapigwa tena, mara hii kwa nguvu zaidi ili yule mpumbavu asiendelee kusema.

Hapo hapo amri mpya ikaandikwa juu ya boneti ya jipu. Straton anakuwa géomètre-adjoint, yaani mpimaji msaidizi, bila mshahara kama mwanzo. Na kwa kuwa alama ile ni mali ya serikali na inahitaji mlinzi, na kwa kuwa mpimaji hana nyumba, nyumba ya mawe inakuwa ofisi ya vipimo vya maji. Mpimaji atalala humo.

Drocella akampa ufunguo kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Emérita hakushuka. Alisema ataishi mlimani na mjane, pale ambapo kipimo cha mume wake hakifiki.

Basi Papa Géomètre alilala peke yake katika nyumba aliyoihukumu mwenyewe, chali juu ya mkeka, na kila alipofumbua macho aliona kwenye ukuta wa ndani doa la unyevu, lilelile la nje, juu ya kichwa chake kwa urefu wa mtu na nusu. Tone moja likigonga paa, alikuwa ameshakunja mkeka. Wanawake walimwona akipanda kilima kwa mvua kubwa, kwa mvua ndogo, mara nyingine kwa mawingu tu.

Mwezi wa nne, mchana, manyunyu yakaanza. Hakupanda mara moja. Wanawake walishangaa. Walimwona akishuka mpaka kwenye madimbwi ya mihogo, akasimama humo, akainama akigusa mawe moja moja, kisha ndipo akapanda, bila mkeka, bila kopo. Emérita alikuwa anamenya mihogo.

"Ehee, Papa Géomètre," akasema Drocella, "leo umepima na kasiksi ao na hasira?"

"Na miguu," akajibu Straton. Akainua suruali, akawaonyesha tope lilipofika, juu ya goti. "Toeni mihogo yenu mu maji, Mama. Maji kubwa inakuja."

Emérita alitazama lile goti. Kisha akaweka kisu chini, akachukua mabeseni mawili, moja akampa mume wake, wakateremka pamoja kwenda kuokoa mihogo.